Karatasi za safari ndefu ya nje: anzia kwenye jina, malizia kwenye bahasha ya nyumbani

Mama mmoja kutoka kijiji cha Kondoa alitupigia simu studio kipindi cha asubuhi kikiwa hewani. Hakuwa anaomba wimbo wala kutuma salamu. Binti yake alikuwa Muscat, Oman, akifanya kazi za ndani, na ilikuwa wiki ya tatu simu yake haipatikani. Mama alishakwenda polisi. Huko aliulizwa maswali manne: namba ya pasipoti ya binti, jina la mwajiri, jina la wakala aliyempeleka, na tarehe aliyoondoka. Aliweza kujibu moja tu, la tarehe, tena kwa kukumbuka kwamba ilikuwa siku mbili baada ya Idi.

"Mwanangu, mimi nina picha yake tu akiwa uwanja wa ndege," alituambia.

Tutarudi kwa mama huyu. Tangu siku ile wasikilizaji wengi wametuandikia kuhusu safari za nje. Wapo wanaokwenda Uarabuni kufanya kazi, wapo wenye watoto waliopata vyuo India na China, wapo wanaojiwekea akiba ya Hija. Wengi wanauliza bei ya pasipoti. Hilo ni swali jepesi na tutalijibu. Lakini tukisoma jumbe zile tunaona wanaokwama hawakwamishwi na bei. Wanakwamishwa na jina lililoandikwa kwa namna tatu kwenye karatasi tatu, na wanaopata shida wakiwa huko mbali wanakuta hakuna karatasi iliyobaki nyumbani ya kuwasaidia. Kwa hiyo tutakaa zaidi hapo.

Jina lako ni lipi?

Chukua karatasi zote ulizonazo, zitandike kitandani au mezani. Cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha Taifa au namba ya NIDA, cheti cha darasa la saba au cha kidato cha nne, cheti cha ubatizo au cha ndoa kama unacho. Sasa soma jina kwenye kila karatasi, herufi kwa herufi. Si kwa kupitisha macho. Weka kidole.

Sisi wenyewe tulifanya zoezi hili studio, watu watano, na watatu kati yetu tulikuta tofauti. Mmoja ni Ramadhani kwenye cheti cha kuzaliwa na Ramadhan kwenye cheti cha shule. Mwingine ni Yohana kanisani na John shuleni. Wa tatu aliandikishwa shule kwa jina la babu aliyemlea, na NIDA akaandikishwa kwa jina la babu mzaa baba. Nyumbani hakuna anayejali mambo haya. Athumani na Othman ni mtu yuleyule, na kijijini kila mtu anamjua. Lakini ofisa aliyeko Dodoma hakujui, wa ubalozi hakujui, na mashine ya uwanja wa ndege inasoma herufi tu. Kwake Ramadhani na Ramadhan ni watu wawili.

Pasipoti hutolewa kwa kufuata taarifa za NIDA na cheti cha kuzaliwa. Hivyo hizo mbili ndizo za kwanza kupatana. Zikipatana, na cheti cha shule kikawa tofauti kidogo, kuna njia. Zisipopatana zenyewe kwa zenyewe, usianze kujaza fomu ya pasipoti. Utalipa, utasafiri kwenda mkoani, na utarudishwa.

Dawa ya jina ziko mbili na watu huzichanganya. Ya kwanza ni kiapo. Hii ni karatasi unayoapa mbele ya hakimu au wakili kwamba majina haya mawili ni ya mtu mmoja, yaani wewe. Inafaa kwa tofauti ndogo, kama herufi moja iliyopungua. Ya pili ni hati ya kubadili jina. Hii huandaliwa na wakili, kisha husajiliwa kwa Msajili wa Hati chini ya wizara ya ardhi. Ukiwa nayo unaacha jina la zamani na kutumia jipya kisheria. Inachukua muda na gharama zaidi kuliko kiapo, na baada yake unakwenda kurekebisha kumbukumbu nyingine zifuate jina hilo. Anayekuambia kiapo cha haraka kinatosha kwa kila jambo anataka hela yako ya kiapo. Uliza kwanza ofisi unayoipelekea karatasi kama itakipokea.

Kina mama walioolewa wana yao. Wapo walioandikishwa NIDA kwa jina la mume huku vyeti vyote vya shule vina jina la baba. Hapo cheti cha ndoa ndicho kinachounganisha, na kama ndoa ilifungwa msikitini au kanisani bila cheti kuchukuliwa, au kilichukuliwa kikaliwa na mchwa, kitafute mapema. Safari ya kazi au masomo haihitaji uwe na jina la mume. Ukiweza kubaki na jina moja kwenye karatasi zote, la baba, unapunguza karatasi za kueleza.

Kuhusu tarehe ya kuzaliwa kuna kipimo rahisi ambacho wengi hawakijui. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe yako ya kuzaliwa: mwaka, mwezi, siku. Kama namba yako inaanza na 19940312, NIDA inakujua kama mtu aliyezaliwa tarehe 12 Machi 1994. Linganisha na cheti chako cha kuzaliwa sasa hivi, kabla hujaendelea kusoma. Kama namba huna kichwani, piga *152*00# ufuate maelekezo. Tofauti ya tarehe ni kubwa kuliko tofauti ya herufi, kwa sababu haiwezi kuelezwa kama makosa ya matamshi. Irekebishe kwenye karatasi iliyokosewa, kwa ofisi iliyoitoa.

Kadi ya kliniki si cheti

Tunarudia jambo hili kila mara hewani na bado linatuletea simu. Ile kadi ya kliniki aliyopimiwa mtoto uzito si cheti cha kuzaliwa. Tangazo la kizazi lililotolewa hospitali mtoto alipozaliwa nalo si cheti cha kuzaliwa. Cheti cha ubatizo si cheti cha kuzaliwa. Zote hizo ni ushahidi mzuri wa kuombea cheti, kwa hiyo usizitupe. Cheti chenyewe hutolewa na RITA, na kwa sisi wa wilayani huduma zao hupatikana kwenye ofisi ya Mkuu wa Wilaya. Zanzibar kuna wakala wao wa usajili wa matukio ya kijamii.

Mtu mzima ambaye hajawahi kusajiliwa anaweza kusajiliwa, ila ataulizwa ushahidi mwingi zaidi: cheti cha shule, kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, kitambulisho, barua ya mtendaji wa kijiji. Kadiri unavyochelewa ndivyo ada inavyopanda na maswali yanavyoongezeka. Hili ndilo linalokula miezi. Pasipoti ikishaombwa kwa karatasi kamili huwa haichelewi sana. Kinachochelewa ni kijana wa miaka 24 anayeanza kutafuta cheti cha kuzaliwa siku aliyopigiwa simu kwamba nafasi imepatikana.

Halafu kuna cheti cha mzazi. Wengi hushangaa: "Naomba pasipoti mimi, baba yangu anahusikaje?" Anahusika kwa sababu pasipoti ni hati ya uraia, na kuzaliwa Tanzania peke yake hakuelezi uraia wa wazazi wako. Hivyo utatakiwa kuonyesha cheti cha kuzaliwa cha mzazi mmojawapo. Wazee wetu wengi hawana, na kwa mzee asiye nacho hutumika kiapo cha kuzaliwa. Ndugu wa Kigoma, Kagera, Ruvuma na mikoa mingine ya mipakani wajiandae kuulizwa zaidi kuhusu ukoo, kijiji cha babu, na lini familia ilihamia. Usikasirike wala usibuni majibu. Kaa na wazee kabla hujaondoka, uandike majina ya babu na bibi wa pande zote mbili na vijiji vyao. Kama mzazi ameshafariki, cheti chake cha kifo nacho kiwe kwenye bahasha.

Kuomba pasipoti yenyewe

Tanzania ilianza kutoa pasipoti ya kielektroniki tarehe 31 Januari 2018. Ni ya rangi ya bluu kwa raia wa kawaida, ina jina la Jumuiya ya Afrika Mashariki juu, na hudumu miaka 10. Pasipoti za aina ya zamani ziliacha kutumika mwishoni mwa Januari 2020, kwa hiyo kama unayo ya zamani kwenye sanduku usidhani una pasipoti. Ila usiitupe, maana utaulizwa ilipo utakapoomba mpya.

Ada ni shilingi 150,000: shilingi 20,000 ni ya fomu na 130,000 ni ya pasipoti yenyewe. Angalia tena kwenye tovuti ya Idara ya Uhamiaji siku unayoomba, kwa kuwa ada hupangwa na serikali na inaweza kubadilika. Fomu hujazwa kwenye tovuti hiyo. Ukimaliza hatua ya kwanza mfumo hukupa namba ya malipo ya serikali, ile tunayoiita kontroo namba, unalipa benki au kwa simu. Baada ya hapo unachapa fomu, unaambatanisha karatasi zako, na unakwenda ofisi ya Uhamiaji ya mkoa na vyeti halisi mkononi. Utapigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole, hivyo hakuna mtu wa kukuwakilisha. Wakulima na mafundi ambao alama za vidole zimefutika kwa jembe au saruji, pumzisheni mikono na ipakeni mafuta siku kadhaa kabla. Inasaidia.

Hapa ndipo vishoka wanapoingia. Kishoka ni rahisi kumtambua kwa jambo moja: anataka umtumie hela kwenye namba yake ya simu. Malipo ya serikali yanakwenda kwenye kontroo namba, na ukilipa kwa simu utaona jina la taasisi kabla hujaweka namba ya siri. Ukiona jina la mtu, simama. Hela ikishaingia kwa kishoka, ofisi haina njia ya kukurudishia, kwa sababu haijaipokea.

Wengi wetu hatuna kompyuta, kwa hiyo tunajaziwa fomu stesheneri. Hakuna ubaya, ila kaa pembeni ya anayekujazia na usome kila mstari kwenye kioo kabla hajabonyeza kutuma. Kijana wa stesheneri anajaza fomu thelathini kwa siku, na kwake Mwajuma na Mwanajuma ni jina moja. Makosa mengi ya pasipoti tunayoletewa hayakufanywa na ofisa, yalifanywa hapo, na mwenye jina alikuwa nje anakunywa soda. Barua pepe iwe yako, nenosiri lake liwe kwenye daftari lako, na namba ya simu iwe ya laini uliyosajili kwa jina lako.

Uhamiaji pia huuliza sababu ya safari. Onyesha ulichonacho: barua ya chuo, mkataba wa kazi, mwaliko wa ndugu. Usinunue tiketi ya ndege kabla ya kuwa na pasipoti na viza eti ili uonyeshe kwamba unasafiri. Tumesikia zaidi ya mara moja mtu akipoteza hela ya ng'ombe wawili kwa tiketi isiyorudishwa.

Mtoto naye anahitaji pasipoti yake mwenyewe, na wazazi hutakiwa kuridhia kwa maandishi. Akisafiri na mzazi mmoja, yule anayebaki aandike barua ya ridhaa na iwe na kopi ya kitambulisho chake, kwani nchi nyingi huiuliza mpakani.

Kwa hesabu ya mtu wa Kondoa, kwenda Dodoma mjini ni zaidi ya kilomita 150, na utakwenda angalau mara mbili, kupeleka maombi na kuchukua. Weka nauli, chakula na pengine kulala. Ndiyo maana tunasisitiza karatasi ziwe sawa kabla ya safari ya kwanza. Safari ya tatu na ya nne ndizo zinazofanya watu wakimbilie kwa vishoka.

Viza na mkataba

Pasipoti inakuruhusu kutoka. Viza ndiyo inayokuruhusu kuingia unakokwenda na inasema unaingia kufanya nini. Nchi nyingi pia hutaka pasipoti iwe na angalau miezi sita kabla ya kuisha, kwa hiyo mwenye pasipoti inayokaribia mwisho aanze na kuibadilisha.

Kwa anayekwenda kufanya kazi, neno la kutazama kwenye viza ni aina yake. Wapo mawakala wanaowapeleka mabinti kwa viza ya matembezi na kuwaambia itabadilishwa wakifika. Aliyeingia kwa viza ya matembezi akafanya kazi anakuwa mkosaji kwa sheria za nchi ile hata kama hakujua, na akinyimwa mshahara anaogopa kwenda polisi. Viza ikiwa ya kazi, jina la mwajiri lipo kwenye kumbukumbu za serikali ya huko. Kama viza imeandikwa Kiarabu, mpelekee mtu anayesoma Kiarabu. Kila wilaya ina ustaadhi mmoja angalau ambaye ataisoma bila kukudai kitu.

Mkataba uwe na jina kamili la mwajiri, anwani na simu yake, aina ya kazi, mshahara kwa mwezi, saa za kupumzika, siku ya mapumziko, na nani analipa tiketi ya kurudi. Uusome kabla ya kusaini, si ukiwa uwanja wa ndege. Utaratibu wa Tanzania unataka wakala binafsi wa ajira awe na leseni, na mkataba wa mfanyakazi upitie kwa mamlaka za kazi na kwa ubalozi wetu kule. Wakala muulize leseni na uulizie kwa ofisi ya serikali inayoshughulikia huduma za ajira kama wanamtambua. Mwenye leseni hakasiriki kuulizwa leseni.

Tunasema haya kwa sababu ya jambo linalojulikana vizuri sasa. Novemba 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti iliyotokana na mahojiano na wanawake 50 wa Kitanzania waliofanya kazi za ndani Oman na Falme za Kiarabu. Karibu wote walieleza kwamba pasipoti zao zilichukuliwa na mwajiri au wakala. Oman ina waraka wa wizara tangu mwaka 2006 unaokataza waajiri kushikilia pasipoti za wafanyakazi, lakini waraka huo haukuweka adhabu, na nyumbani kwa mtu hakuna mkaguzi anayeingia kila siku. Wapo wanaokwenda, wakakaa vizuri, wakarudi wakajenga. Tunawajua, wengine ni majirani zetu. Muscat utakutana hata na Waomani wanaoongea Kiswahili kama cha Unguja, na mtu hujisikia yuko nyumbani. Lakini hakuna anayejua kabla ya kufika nyumba yake itakuwa ipi, na karatasi iliyo kwenye mkoba wako inaweza kuwa kwenye kabati la mwenye nyumba siku hiyohiyo ya kwanza.

Sindano ya homa ya manjano

Kwa ufupi. Nchi nyingi hutaka cheti cha chanjo ya homa ya manjano, kile kijitabu cha njano. Cheti huanza kuhesabika siku 10 baada ya kuchomwa, kwa hiyo kuchanjwa jana na kusafiri leo hakukusaidii. Tangu Julai 2016 chanjo hii inahesabika kwa maisha yako yote, hata kama kijitabu chako cha zamani kimeandikwa miaka kumi. Chanja mahali panapotambuliwa na serikali, na jina kwenye kijitabu lifanane na la pasipoti. Kijitabu kinachouzwa stendi bila sindano ni cha kughushi, na homa ya manjano inaua. Hatuna la kuongeza hapo.

Bahasha inayobaki

Sasa turudi kwa yule mama. Wiki ya nne, ndugu yao mmoja alikumbuka kwamba binti alijaziwa fomu kwenye stesheneri ya mjini. Wakaenda. Kijana wa pale alikuwa hajafuta faili. Ndani yake walikuta majina matatu kamili, namba ya NIDA, na picha ya mkataba wa kurasa mbili wenye jina la mwajiri na namba ya simu ya Oman. Kwa karatasi hizo ofisi iliyohusika ilipata cha kuandika kwenda ubalozini, na ubalozi ulipata nyumba ya kuulizia. Binti alikuwa mzima. Alikuwa amenyang'anywa simu na pasipoti, na mshahara wa miezi mitano alikuwa hajalipwa. Amerudi nyumbani.

Alisaidiwa na uvivu wa mtu wa kufuta mafaili. Kwa kawaida tungewashauri mhakikishe stesheneri wamefuta kila kitu chenu kabla hamjaondoka, maana namba ya NIDA na picha ya pasipoti vikiangukia kwa mtu mbaya atavitumia kwa wizi. Na bado tunashauri hivyo. Lakini kopi ziwepo mahali, na mahali hapo pawe nyumbani.

Kabla ya kuondoka toa kopi za ukurasa wa pasipoti wenye picha, viza, mkataba, tiketi na cheti cha kuzaliwa. Andika kwa mkono kwenye karatasi moja jina na simu ya mwajiri au chuo, jina, simu na ofisi ya wakala, anwani utakayofikia, na simu ya ubalozi wa Tanzania. Kwa Oman ubalozi uko Muscat, Saudi Arabia uko Riyadh, Falme za Kiarabu uko Abu Dhabi na konseli iko Dubai, Qatar uko Doha, na Kuwait upo pia. Simu zao chukua kwenye tovuti ya Wizara ya Mambo ya Nje, si kwa wakala. Weka vyote kwenye bahasha ya kaki, bahasha kwenye mfuko wa nailoni usiopitisha maji, na mpe mtu mmoja anayekaa nyumbani. Asiwe yule anayesafiri kila msimu kwenda kulima mbali. Mwambie mtu wa pili bahasha iko wapi.

Piga picha karatasi hizohizo na ujitumie kwenye barua pepe yako, halafu mtumie ndugu kwa WhatsApp. Picha ya simu ni nzuri, lakini simu huibiwa, huanguka chooni, na kule simu yenyewe inaweza kuchukuliwa. Barua pepe unaweza kuifungua kwa simu ya mtu mwingine yeyote, ilimradi nenosiri unalo kichwani. Namba mbili za simu za nyumbani nazo zikariri. Wengi wetu siku hizi hatujui hata namba ya mama.

Faida ya kopi ni hii. Mtanzania aliyepoteza pasipoti au kunyang'anywa anaweza kupewa na ubalozi hati ya dharura ya kumrudisha nyumbani, lakini kwanza ubalozi ujiridhishe kwamba yeye ni Mtanzania na ni nani. Mwenye namba ya pasipoti na kopi ya cheti cha kuzaliwa huhudumiwa haraka. Asiye na chochote anasubiri barua ziende kijijini na kurudi, na anayesubiri hana mahali pa kulala. Ukifika salama, jiandikishe ubalozini wiki za kwanza. Wasipojua kama upo, hawawezi kukutafuta.

Na kwa familia: kubalianeni siku ya kupigiana simu, na kubalianeni ni siku ngapi za kimya zinatosha kuanza kuuliza. Yule mama alisubiri wiki mbili kabla ya kwenda polisi akidhani ni mtandao.

Jambo la mwisho ni laini ya simu yako ya hapa. Ikikaa muda mrefu bila kutumika hufungwa na kupewa mtu mwingine, na pamoja nayo hupotea njia ya kupokea namba za siri za benki na za barua pepe yako. Muachie ndugu unayemwamini aiweke kwenye simu ya tochi, aiongezee vocha kidogo kila mwezi, na asimpe mtu yeyote namba ya siri itakayoingia hapo, hata anayejitambulisha kuwa ni wewe. Akikupigia kwa video akuone uso kwanza.